Mikono ya Hariri

Mikono miwili myeusi ilikuwa imelala juu ya meza ya kukatia vitambaa, viganja chini, vidole vimekunjika kidogo kana kwamba vilikuwa vimeshika kitu kikaponyoka. Leokadia, aliyekuwa akiingia na kikombe chake cha kahawa, aliganda mlangoni. Moyo ulimruka kabla akili haijamwambia kwamba zilikuwa glavu tu.

"Usiogope," alisema mkuu wa chumba cha maleba, mavazi ya jukwaani, mwanamke mnene mwenye mvi aliyeitwa Gunvor. "Zina zaidi ya miaka mia. Haziumi."

Zilikuwa za hariri, rangi ya kahawa iliyoungulia kikaangoni. Zilishonwa Uingereza, enzi za Malkia Viktoria, kwa ajili ya mwigizaji wa Kizungu aliyejipatia jina kwa kuigiza wafalme wa Kiafrika. Usoni alijipaka masizi na mafuta. Mikono aliivika hizi, ili asiyachafue magauni ya wanawake aliowakumbatia jukwaani. Alikuja Stockholm na kundi lake, akashikwa na homa ya mapafu, akazikwa huku huku, na sanduku lake likabaki ghalani mwa jumba la maonyesho. Nondo walikula mengine yote. Glavu zilisalia. Ndani ya pindo, kwa wino uliogeuka kutu, jina lake lilikuwa bado linasomeka: Harcourt Vane.

Lakini kilichomkaa Leokadia rohoni ni kucha. Kila kidole kilikuwa na ukucha wake, umetariziwa kwa uzi wa waridi, na penye mzizi wa kila ukucha pana kijimwezi cheupe. Aliyezishona alikuwa fundi kweli kweli. Ama alimtazama mtu mweusi kwa makini, ama alijitazama kucha zake mwenyewe akaona zinatosha.

Leokadia alikuwa mwenyeji wa Bukoba, aliyeletwa Sweden katikati ya miaka ya sitini kujifunza ushonaji, akaolewa na Evodius, mwanafunzi mwenzake, akabaki. Sasa ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Katika chumba kile cha maleba hakuna aliyewahi kumsikia akiinua sauti. Kila mtu aliitana na mwenzake kwa jina tupu, mkubwa na mdogo, kama desturi mpya ya nchi ilivyotaka. Yeye peke yake ulimi wake ulikataa, akasema "Bi Gunvor" mpaka Gunvor mwenyewe akazoea. Bibi yake alimfundisha kwamba mgeni ni kuku mweupe, kila mwewe anamwona. Huku kuku alikuwa mweusi na ardhi ndiyo iliyokuwa nyeupe, lakini mwewe ni yule yule. Basi alijifunza kutembea karibu na ukuta.

Aliyezitoa glavu sandukuni alikuwa Göran Westfelt, mwongozaji wa maonyesho, kijana mwenye ndevu na viatu vya mbao vilivyomtangulia kwa kelele kila alikokwenda. Jumba lilikuwa likitimiza miaka mia moja, na Göran alitaka kuurudisha jukwaani mchezo ule ule aliokuja nao Vane, hadithi ya mfalme wa Kiafrika na msafara wa wavumbuzi wa Kizungu. Ila safari hii mfalme angechezwa na Mwafrika halisi.

"Na atavaa glavu hizi," alisema. "Mnaelewa? Mtu mweusi ndani ya mkono mweusi wa uongo. Watazamaji waone jinsi babu zao walivyomtengeneza."

Göran hakuwa mtu mbaya. Aliandamana dhidi ya vita vya Vietnam, alichangia wapigania uhuru wa Msumbiji, na ofisini kwake alitundika ramani ya Afrika kubwa kuliko kitanda. Shida yake ni kwamba alikuwa amekwisha kuielewa Afrika yote, hakuwa tena na haja ya kuiuliza neno.

Mwigizaji aliyempata aliitwa Samwiri Ssali, mkimbizi kutoka Uganda. Mchana alikuwa akichambua barua posta. Alipoingia kupimwa na kusikia jina la Leokadia, alimsalimu kwa Kiswahili chenye ladha ya Kampala.

"Dada, kumbe tumetenganishwa na ziwa tu!"

"Hata ziwa halikututenganisha, kaka. Karibu sana."

Kiswahili alikiokota katika safari za kundi lake la maigizo, Jinja, Kisumu mpaka Mombasa, na mara nyingine alisita katikati ya sentensi kama aliyekanyaga mwiba. Nyumbani, alieleza, Kiswahili kilikuwa kimegeuka lugha ya mwenye bunduki, anayekuuliza unakwenda wapi. "Kwako wewe nakisikia kimepona," alisema.

Glavu za Vane hazikumwingia. Samwiri alikuwa na mikono mipana, vidole virefu kama vya mpiga kinubi. Göran akaamuru zishonwe nyingine za kumtosha, mfano mmoja na zile. Leokadia alileta vipande vya hariri alivyovipika katika rangi, akavitandaza mezani. Hapo Göran, bila kuuliza, aliushika mkono wake kwenye kifundo, akauinua na kuulaza juu ya hariri kama mtu alinganishaye vitambaa viwili dukani.

"Hapana," alisema baada ya kuutazama. "Iwe nyeusi zaidi."

Akauachia. Leokadia alibaki akiutazama mkono ule mezani. Ulionekana si wake.

"Na mimi nisingefaulu mtihani huo," Samwiri alimnong'oneza kwa Kiswahili, akitabasamu. "Vane alikuwa mweusi kutushinda sote."

Leokadia hakucheka.

Wiki iliyofuata alishuka jukwaani kupima mikono ya koti, akakuta mazoezi yanaendelea. Mfalme alikuwa akiwasimulia wageni jinsi alivyovuka mto akiwa na mama yake mgongoni. Kiswidi cha Samwiri kilikuwa bado kinachechemea, lakini mikono yake haikuwa na lugha ya kujifunza. Iligeuka maji, ikageuka mkondo unaovuta magoti, ikageuka uzito wa mwanamke mzee anayeogopa lakini hataki mwanawe ajue. Maseremala waliokuwa wakigonga mbao nyuma walishusha nyundo zao. Leokadia alisahau kilichomleta.

"Vizuri," Göran alisema. "Sasa jaribu na glavu."

Samwiri alivaa jozi ya majaribio, iliyoshonwa kwa haraka, akarudia. Maneno yalikuwa yale yale na miondoko ile ile. Lakini maji hayakuja, wala mama hakuja. Mikono ilipanda na kushuka hewani kama miiko miwili katika sufuria tupu.

"Ndiyo hiyo!" Göran alipiga makofi. "Mmeona? Imekufa kabisa. Ndicho ninachotaka."

Baadaye Leokadia alimkuta Samwiri ameketi ngazini, glavu zimelala magotini pake.

"Mwambie hutaki," alimwambia.

"Nilimwomba mapema. Akasema bila glavu itakuwa uigizaji mzuri tu, basi." Alizikunja, akazikunjua. "Unajua, dada, kule kwetu wanajeshi walipoanza kukaa safu ya mbele, tulijifunza kusema kwa mikono yale ambayo mdomo ungetuponza. Mfalme anamsifu jemadari wake, mikono inasema mengine. Watu wakacheka pasipostahili kucheka. Mwisho wakaelewa hata wanajeshi. Mwenzangu walimchukua bado amevaa maleba."

"Na hapa, ambapo hakuna anayekukamata, unakubali wakufunge?"

"Aliyepewa kiti na mwenyeji hasemi kina mguu mbovu. Zishone, dada. Nami nitazivaa."

Hasira iliyompanda Leokadia ilimshangaza mwenyewe. Alidhani inamwelekea Göran, kisha Samwiri. Alipofika kituoni ndipo alipoitambua: ilikuwa ikimtazama yeye. Maneno ya Samwiri yalikuwa yake. Alikuwa akiyasema kimoyomoyo miaka yote ile, kila asubuhi, akivua koti.

Jioni alimweleza mumewe. Walikaa Bredäng, pembezoni mwa Stockholm, ghorofa ya juu, ambapo majengo yalipangana kama visanduku vya kiberiti na upepo ulipita katikati ukipiga mluzi. Evodius alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa fundi katika kiwanda cha simu, mtu wa kupima waya kabla ya kuugusa.

"Mama Adelina," alisema, "mkataba wako unakwisha lini?"

"Krismasi."

"Basi shona. Kitambaa ni kitambaa."

"Baba Adelina, zina kucha."

Evodius hakuelewa.

Kesho yake, ndani ya treni iendayo mjini, hakuwa na la kufanya ila kutazama mikono. Ilikuwa imeshika vishikio, imekumbatia mikoba, imelala mapajani. Kulikuwa na mikono yenye viungo vilivyowiva kwa baridi, mikono yenye mishipa ya buluu iliyopindapinda kama njia za mchwa, mikono ya wazee yenye mabaka ya hudhurungi, mkono wa kijana mmoja uliojaa madoadoa ya rangi ya chai. Kwa miaka mingi alikuwa ameshonea watu wa nchi hii magauni, makoti, mbawa za malaika na mikia ya mashetani. Hakuna aliyewahi kumwambia ashone mkono wa Mswidi. Huo ulihesabiwa kuwa mkono tu.

Alishuka kabla ya kituo chake, akaingia duka la vitambaa, akanunua hariri ya waridi hafifu, rangi ya nyama ya samaki wa huko.

Alishona nyumbani, Jumamosi na Jumapili, kando ya dirisha. Vipimo vya wachezaji vilikuwa kichwani. Alianza na Birgitta, mwigizaji mkuu wa kike, akamtia madoadoa yake, na kovu dogo chini ya kidole gumba. Kisha mzee Malmros, aliyecheza kiongozi wa msafara: mishipa yake, mabaka yake, viungo vyake vyekundu, kucha za manjano za mvuta kiko. Hakukejeli wala hakutia chumvi. Alishona alichokiona, na kadiri alivyoshona aligundua kwamba aliwajua watu hawa vizuri sana, naye hakujua kama kuna hata mmoja angeweza kuchora mkono wake bila kuutazama.

Alipokwenda jikoni kugeuza ndizi, Adelina, binti yake wa miaka sita, alichukua glavu moja ya Birgitta akaivaa. Ilimpwaya mpaka kwenye kiwiko. Alisimama dirishani akampungia mkono mtoto aliyekuwa akicheza chini uani, na yule mtoto, ambaye siku nyingine hakuwa na habari naye, akampungia pia.

"Hon såg inte att det var jag!" Adelina alipaaza sauti kwa Kiswidi, uso umechanua. Yaani, hakuona kwamba ni mimi.

Leokadia alifika akaivua ile glavu polepole, kidole kimoja baada ya kingine. Kisha alifungua dirisha, baridi ikaingia, akamnyanyua mwanawe. "Mpungie tena," alisema. "Kwa mkono wako. Na umwite kwa jina."

Adelina alisita, akaita. Yule mtoto alitazama juu kwa muda mrefu kabla ya kuinua mkono. Lakini aliinua.

Siku ya kuvaa maleba yote kwa mara ya kwanza, Leokadia aliweka jukwaani, juu ya meza ndefu ya mfalme, jozi moja ya glavu nyeusi, na pembeni yake jozi mbili za waridi. Nyeusi hazikuwa zimekamilika. Ya kushoto haikuwa na kucha.

"Hizi ni nini?" aliuliza Göran.

"Glavu za Bi Birgitta na za Bwana Malmros."

Birgitta alicheka, akazichukua, akazivaa. Zilimkaa kama maji. Aliinua mikono kwenye mwanga, akageuza viganja, bado akicheka. Kisha akaliona kovu, kicheko kikamwishia mdomoni.

"Hivi ndivyo unavyoniona?"

"Ndivyo ulivyo," Leokadia alijibu. "Nimekutazama."

Mzee Malmros hakuzivaa. Aliziinua kwa ncha za vidole, akazichungulia zile kucha za manjano, akaficha mikono yake mfukoni.

"Nani amekuagiza kazi hii?" Göran aliuliza, uso umemwiva.

"Hakuna. Umesema watazamaji waone jinsi mtu anavyotengenezwa. Nimemtengeneza na huyu."

Göran alizunguka meza, viatu vya mbao vikilia kwa-kwa-kwa. Alizitazama nyeusi, akazitazama za waridi. Polepole uso wake ukaanza kung'aa.

"Lakini hii ni ajabu!" alisema Göran. "Hii ni fikra kubwa! Wavae wote! Jukwaa zima lisiwe na ngozi hata moja, hariri tupu! Leokadia, unaweza kumshonea kila mchezaji?"

Watu walianza kuzungumza kwa pamoja. Mtu mmoja alimpiga Leokadia begani kumpongeza. Samwiri peke yake alikuwa akizitazama zile glavu nyeusi, ambazo sasa zilikuwa zimepata wenzake, na kwa hiyo zimepata haki ya kuwepo. Leokadia alimwona, akaelewa: alikuwa amekwenda kumfungua mtu, kumbe amemkazia fundo.

Alimwendea Birgitta. "Nisamehe," alisema, akamvua glavu. Akazichukua na za Malmros, akazitia zote mkobani.

"Unafanya nini?" Göran aliuliza.

"Hizi si mali ya jumba. Hariri nimenunua mwenyewe, nimeshona kwangu."

"Tutazinunua."

"Haziuzwi." Sauti yake ilikuwa imepanda, akaisikia ikigonga viti vitupu na kumrudia. Hakuishusha. "Na hizi nyeusi sizimalizii. Umemwona mtu huyu akivuka mto. Sote tulimwona. Ukitaka glavu kwenye mikono ile, tafuta mkono mwingine wa kuzishona."

"Nitatafuta," Göran alisema kwa ubaridi. "Gunvor, zimebaki kucha tu. Utazimaliza wewe."

Gunvor alikuwa amesimama pembeni na mto wake wa sindano kifuani. Kwa miaka mingi alikuwa ametarizi majani ya dhahabu membamba kama unywele, na hakuna mtu jumbani asiyejua. Alivua miwani, akaipangusa kwa aproni, akairudisha puani.

"Macho yangu yamekwisha, Göran," alisema. "Kazi ndogo kama hiyo siioni tena."

Hakuna aliyecheka. Göran alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumwunga mkono. Malmros alikuwa anajishughulisha na kiko chake. Birgitta alikuwa anasugua lile kovu.

Hivyo ndivyo Samwiri Ssali alivyocheza mikono mitupu. Göran aliziweka glavu za Vane katika kabati la kioo, kwenye ukumbi wa kuingilia, na wiki hiyo hiyo Leokadia aliambiwa kwamba baada ya Krismasi kazi yake haitaendelea. Evodius aliposikia aliondoka kwenda kuuliza bei ya cherehani.

Usiku wa ufunguzi ukumbi ulifurika. Leokadia alisimama ubavuni mwa jukwaa, gizani, sindano na uzi vikiwa tayari kwa lolote litakalochanika. Göran alisimama karibu naye, mikono kifuani. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ile.

Mchezo ulifika tendo la mwisho. Mfalme anarudi kutoka vitani, anakuta nyumba yake haina mtu. Kitabu kilimtaka aseme beti ndefu za maombolezo, kisha ajichome upanga, afie kizingitini. Samwiri alipanda taratibu mpaka penye mlango wa mbao uliosimama peke yake katikati ya jukwaa. Aliugusa mwimo. Watu walingoja beti.

"Hodi," alisema.

Mama aliyekuwa akiwakumbusha wachezaji maneno alinong'ona mstari wa kwanza wa Kiswidi. Samwiri hakugeuka.

"Hodi humu ndani."

"Anafanya nini?" Göran alisema. "Anasema nini?"

Katika ukumbi ule mzima hakuna aliyejua ni nini kilichokuwa kimeachwa kikining'inia hewani. Leokadia peke yake alijua. Kampala ama Bukoba, unaweza kumpita adui yako njiani bila salamu ukalala usingizi. Lakini hodi isiyojibiwa huwezi kuisikia ukakaa kitako. Hupigwa mara tatu. Baada ya hapo mtu hugeuza njia akaenda zake.

Samwiri aliinua mkono. Taa iliangukia vidole vyake, na ukumbi mzima uliuona mkono ule ukisita, kama unaoogopa mbao.

"Hodi, wenyewe."

"Karibu," alisema Leokadia.

Ilitoka ndogo, ikafia kwenye pazia. Göran alimshika mkono wa blauzi. Leokadia alikijaza kifua pumzi, akaita kama anavyoitwa mtu aliye upande wa pili wa shamba la migomba:

"Karibu! Karibu ndani!"

Sauti ilipita juu ya jukwaa, ikaenda mpaka viti vya nyuma. Watu waligeuza vichwa. Samwiri alitulia, sikio limeelekea kule ilikotoka.

Mlango ule maseremala walikuwa wameujenga mrefu kama wa kanisa. Lakini yeye aliinama kidogo, kama mtu anayeingia nyumba ya nyasi ya kwao, akaingia.